Mvuke tu? Haya, leteni kipimajoto

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wapo waliodhani nimeacha kuandika hapa. Sijaacha. Nilikuwa na kazi ya mikono, kazi ya nyaya na betri na vidole kuungua, na leo nataka kuwaeleza imenifundisha nini. Lakini kwanza lazima niungame, maana bila kuungama jambo lenyewe halitaeleweka.

Mimi ndiye niliyeandika gazetini kwamba vepu haichomi kitu, inatoa mvuke tu, na kwamba joto lake linadhibitiwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani. Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya muuzaji mmoja wa hapa Dar, ila mimi sikuweka alama za kunukuu wala sikusema nani kayasema. Niliyaandika kama mtu anavyoandika kwamba jua huchomoza mashariki. Habari yenyewe ilikuwa ya nusu ukurasa, ilitakiwa mezani kabla ya saa kumi jioni, na mhariri aliipenda kwa sababu picha ilikuwa nzuri: kijana mtanashati katikati ya wingu jeupe. Nikarudi zangu nyumbani nimeridhika.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana kijiweni Sinza na jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Ananunua vocha huku anakohoa. Mkononi ana vepu, ile ya boksi, yenye kioo na vitufe.

"Mwanangu, hii kitu siku hizi inaunguza koo. Inaleta ladha ya pamba iliyoungua."

"Sasa kwa nini unaendelea kuvuta?"

"Si wewe uliandika haichomi kitu? Mimi sigara niliacha kwa ajili ya ile habari yako."

Sikuwa na jibu. Nilicheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Tafadhali nisieleweke vibaya: sisemi kikohozi chake kilitoka kwenye vepu. Mimi si daktari, na jamaa alivuta sigara miaka saba. Nasema hivi: aliniuliza swali moja la kawaida kuhusu kitu nilichokiandika mimi mwenyewe, na nikagundua kwamba sijui. Kile kitu kinafika nyuzi joto ngapi?

Nikampigia muuzaji wangu. Akajibu bila hata kupumua: "Nyuzi 220, imeandikwa kwenye kioo." Nikamuuliza, imepimwa na nani? Akasema, "Kaka, si nimekwambia imeandikwa kwenye kioo?" Nikauliza wengine wawili, majibu yakawa yaleyale. Yaani biashara nzima, na mimi na gazeti letu tukiwa kama mpiga debe wake, tumesimama juu ya namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine ambayo inauzwa na watu haohao wanaotuambia tuiamini.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo penye changa la macho lenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo na somo la fizikia. Wengi wetu tuliliacha kidato cha nne na hatukulitazama tena.

Ndani ya vepu kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye utambi wa pamba. Pamba inanyonya majimaji, betri inapitisha umeme kwenye waya, waya unapata moto, majimaji yanageuka kuwa ule wingu. Majimaji hayo si maji. Kwa sehemu kubwa ni propilini glikoli na gliserini, pamoja na nikotini na vionjo. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 na gliserini kwenye nyuzi 290. Kwa hiyo yule anayesema "ni mvuke wa maji tu" ameshadanganya kabla hata hatujafika kwenye joto. Na mimi nilipiga chapa uongo wake.

Ndani ya koili hakuna kipimajoto. Narudia, kwa sababu hata mimi sikujua: katika vepu za aina ile ya boksi inayojisifu kudhibiti joto, hakuna kitu kinachogusa koili na kupima joto lake. Mashine inakisia. Inakisia hivi: metali nyingi zikipata joto, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Mashine inapima ukinzani koili ikiwa ya baridi, inaupima tena inapokuwa ya moto, halafu inapiga hesabu. Kwa chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L, kila nyuzi moja huongeza takriban 0.00092 ya ukinzani wa mwanzo. Chukua koili ya omu 0.5 kwenye joto la chumba la nyuzi 25. Ikifika nyuzi 225 itakuwa na karibu omu 0.59. Yaani nyuzi 200 nzima zimejibana ndani ya tofauti ya omu 0.09! Skrubu ikiwa imelegea kidogo, au mguu wa koili una uchafu, na mashine ikakosea omu 0.01 tu mwanzoni, tayari imekosea zaidi ya nyuzi 20.

Na hiyo ni pale unapoiambia mashine metali sahihi. Nikeli safi hubadilika zaidi ya mara sita ya chuma hicho. Kanthal, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, karibu haibadiliki kabisa. Nikromu nayo inabadilika kidogo sana. Ukiiambia mashine kwamba umeweka chuma kisichoshika kutu kumbe umeweka nikromu, itakaa inasubiri ukinzani upande, na ukinzani hautapanda. Mashine itaamini koili bado ni ya baridi. Itaendelea kusukuma umeme. Na kioo kitaendelea kuonyesha 220, kwa sababu ile 220 ni namba uliyoiagiza wewe mwenyewe kwa kitufe. Ni agizo, si taarifa. Ni kama kumwambia dereva wa daladala aende kilomita 50 kwa saa, halafu uandike gazetini kwamba anakwenda kilomita 50 kwa saa.

Nilipoelewa hilo nikakasirika, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Nikamuuliza jamaa yangu: koili unazotumia umezitoa wapi? Akasema ile ya kwanza ilikuja na mashine, za akiba alinunua za bei poa, ziko kwenye kimfuko cha plastiki, hazina maandishi. Metali gani? Hajui. Muuzaji je? Hajui naye. Basi nikasema, leteni kipimajoto.

Msidhani nilikwenda maabara. Mdogo wangu anasoma uhandisi na alikuwa na kibao cha Arduino kilichobaki kwenye kazi yake ya chuo. Kwake nikapata pia kipande kidogo chenye chipu ya MAX6675 na themokapo ya aina ya K. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata joto, inazaliwa volti ndogo mno, kama milioni 41 za volti moja zilizogawanywa kwa trilioni, kwa lugha nyepesi mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Chipu inaisoma volti hiyo na kuigeuza kuwa nyuzi joto, karibu mara 4 au 5 kwa sekunde. Ujuzi huu si wa jana. Mjerumani Thomas Seebeck aliueleza mwaka 1821, kabla Dar es Salaam haijawa mji.

Vilivyobaki nilivipata Kariakoo na duka la dawa. Bomba la sindano la mililita 60, lile kubwa lisilo na sindano, la kulishia wagonjwa. Mpira wa dripu. Mita mbili za umeme za bei ya kawaida. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio ambaye nilimfahamu tangu nilipoandika habari za mgawo wa umeme.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwandishi. Leo umeleta redio au umeleta maneno?"

Nikamweleza. Akaicheka ile vepu muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuuliza: "Hiyo ncha yako ikigusa koili yenye umeme, utasoma joto au utasoma betri?" Ndiyo hivyo. Ncha tupu ikigusa waya wenye umeme, volti ya betri inavuruga ile volti ndogo na namba zinaruka kama panzi. Mzee akafungua pasi mbovu, akatoa ulanga, yale magamba membamba yanayong'aa yanayozungukwa na waya wa pasi. Akachana kipande chembamba kuliko karatasi, tukakiweka kati ya ncha na koili. Ulanga unazuia umeme lakini unavumilia moto. Tatizo lake ni kwamba unachelewesha joto kidogo, na waya wa themokapo nao unaiba joto kidogo. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia: kifaa changu kikikosea, kinakosea kwa kupunguza.

Kabla ya kupima kitu cha mtu mwingine, nikapima kipimo chenyewe. Barafu iliyosagwa ndani ya maji: inatakiwa nyuzi 0, ikasoma karibu na hapo. Maji yanayochemka: sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo nyuzi 100, nikapata pungufu ya moja. (Mkifanya hivi Nairobi au Arusha msishangae kupata pungufu zaidi, huko juu maji huchemka mapema.) Halafu mzee akaniongezea kituo cha tatu ambacho nisingekifikiria: risasi ya kulehemu, ile yenye bati 63 na risasi 37 kwa mia, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Tukaiyeyusha taratibu, ikalegea pale namba ilipokuwa inakaribia 180. Kwa mtu wa gazeti, hiyo ilikuwa raha ya ajabu. Nimeshahoji mawaziri ambao sikuwahi kupata namna ya kuwapima hivyo.

Kuvuta je? Mimi sivuti, na sikutaka kuanza kwa ajili ya habari. Hapo ndipo bomba la sindano lilipoingia. Maabara zinazopima vitu hivi zina kanuni, njia namba 81 ya CORESTA, chombo cha ushirikiano wa watafiti wa tumbaku (ndiyo, chenye mizizi kwenye tasnia yenyewe). Kanuni inasema kila pafu liwe mililita 55, lichukue sekunde 3, na lirudiwe kila baada ya sekunde 30. Bomba la mililita 60 linatosha kabisa. Mdogo wangu anabonyeza kitufe na kuhesabu, mimi navuta bomba hadi 55, dirisha liko wazi na feni inapeleka moshi nje.

Tukaanza na koili iliyokuja na mashine, kioo kimewekwa 220. Pamba ikiwa imelowa vizuri, namba ilipanda, ikapita kidogo 200 na kutulia hapo. Tukarudia mapafu mengi bila kuongeza majimaji. Pamba ilipoanza kukauka, mashine ikajibana yenyewe, umeme ukapungua na wingu likawa dogo. Nasema kwa haki: ile ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa.

Kisha tukaweka koili ya akiba, ile ya kwenye kimfuko kisicho na maandishi. Mipangilio ileile, kioo kileile, 220. Pamba ikiwa imelowa, hakuna tofauti ya kutisha. Namba ilipanda na kutulia juu kidogo ya 200. Pamba ilipokauka, namba haikutulia tena. Iliruka hadi ikapita 300 kabla pafu la sekunde 3 halijaisha, na harufu ya pamba iliyoungua ikajaa chumba. Mdogo wangu akaachia kitufe bila kuambiwa. Tulipotazama kioo, kilikuwa bado kinasema 220.

Na kumbukeni, kifaa changu kinapunguza.

Siku iliyofuata mzee akatuonyesha sababu. Akapitisha umeme kwenye koili zote mbili, moja baada ya nyingine, huku mita moja inasoma volti na nyingine inasoma ampea. Ile ya kwanza ilipopata moto, ampea zikashuka, maana yake ukinzani umepanda. Ile ya akiba ilipata moto na ampea hazikushuka kiasi cha kuonekana. Si metali ambayo mashine ilikuwa inaidhania. Jamaa yangu alikuwa anavuta kitu ambacho breki zake zilikuwa zimefungwa kwenye gari jingine.

Haya si mambo ya ajabu kwa yeyote aliyewahi kupika wali. Maji yakiwepo sufuriani, wali hauungui, hata moto ukiwa mkali kiasi. Joto linaishia kwenye kuchemsha maji. Maji yakikauka na moto uko palepale, ndipo unapata ukoko, na ukichelewa zaidi unapata mkaa. Koili ni hivyohivyo. Swali la maana kuhusu vepu si joto lake pamba ikiwa imelowa na mambo yako shwari. Swali ni nini kinatokea ikikauka, na nani anapunguza moto. Gliserini ikipata joto kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, ambayo inakera koo na mapafu, na majimaji haya yanaweza kutoa fomaldehaidi, ambayo imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Hayo hayatokei kwa sababu kijana ni mkaidi. Yanatokea kwa sababu ya joto.

Sasa naomba wenzangu wa vyombo vya habari msogee, maana muuzaji si peke yake.

Januari 2015, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, kule Oregon, Marekani. Walivutisha vepu kwa mashine. Kwenye volti 3.3 hawakuona kemikali zinazotoa fomaldehaidi. Kwenye volti 5.0 waliziona kwa wingi, wakakadiria kwamba hatari ya saratani kwa mtumiaji wa muda mrefu ingeweza kuwa mara 5 hadi 15 ya ile ya fomaldehaidi ya sigara. Magazeti ya dunia yakalipuka. Vichwa vya habari vikaondoa "fomaldehaidi", vikaondoa "volti 5.0", vikabaki na "mara 15" na "saratani".

Lakini volti si joto! Kwa koili ileile, kutoka volti 3.3 hadi 5.0 nguvu ya umeme inaongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu nguvu hufuata volti iliyozidishwa kwa volti. Swali la kwanza la mwandishi lilipaswa kuwa: je, pamba ilikuwa bado imelowa? Mwaka huohuo daktari wa moyo wa Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, na wenzake wakaandika katika jarida la Addiction kwamba waliwapa watumiaji wazoefu kifaa na kuwaomba waseme ni lini wanapata pafu kavu, lile lenye ladha mbaya ya kuungua. Kwenye pafu kavu kemikali hizo zilipanda sana. Kwenye pafu la kawaida zilikuwa chache. Majibu hayo hayakupata ukurasa wa mbele.

Mwaka 2019 tukarudia kosa. Watu wakaugua mapafu kule Marekani. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walihesabiwa 2,807, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Vichwa vya habari vikasema "vepu zaua". Uchunguzi ukaelekeza kidole zaidi kwenye mafuta ya asetati ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye bidhaa zenye kilevi cha bangi, nyingi zikiwa zimenunuliwa mitaani. Aliyevuta bidhaa hizo alihitaji onyo kali na la wazi kuliko alilopewa. Aliyekuwa ameacha sigara akatishwa na kurudishwa kwenye sigara. Wote wawili tuliwaangusha, na silaha ilikuwa moja: namba iliyokatwa kutoka kwenye sentensi yake.

Kwa hiyo tuna kambi mbili zinazopiga kelele. Moja inasema "mvuke tu", nyingine inasema "sumu mara 15". Zote mbili zinazungumza kuhusu kitu chenye moto, na hapa kwetu sijakutana na mtu kwenye kambi yoyote aliyeweza kunionyesha kipimo alichopima mwenyewe. Huu ni usanii. Tunabishana kuhusu homa ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemgusa paji la uso.

Najua majibu yanayokuja, niyajibu kabisa.

Wapo watakaosema tupige tu marufuku tumalize mjadala. Uganda walifanya hivyo kwa sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Ni msimamo, na unaweza kutetewa, hasa ukifikiria watoto. Lakini marufuku haipimi kitu. Kitu kilichopigwa marufuku kinauzwa kwenye kimfuko kisicho na maandishi, na kimfuko kisicho na maandishi ndicho hasa kilichonipa nyuzi 300. Anayetaka marufuku naye anahitaji kipimo, ili ajue anakataza nini na kwa nini.

Wapo watakaosema wewe si mwanasayansi. Kweli kabisa. Kifaa changu hakipimi kemikali hata moja. Kimepima mashine moja na koili mbili. Kinasoma sehemu moja tu ya koili, na huenda sehemu nyingine ni moto zaidi. Hakithibitishi kwamba vepu ni salama wala kwamba inaua, na nikotini inabaki kuwa kilevi kinachomfunga mtu hata kwenye nyuzi ngapi. Nakubali yote. Lakini sasa jiulize: kama bomba la sindano, pasi mbovu na kibao cha mwanafunzi vinaweza kuonyesha kwamba kioo kinasema 220 huku koili imepita 300, mwagizaji mwenye kontena zima ana kisingizio gani? Mwenye maabara ana kisingizio gani?

Na wapo watakaosema kuna mambo makubwa zaidi, maji, umeme, ajira. Yapo. Ila ugonjwa ni uleule. Namba tunaletewa, hatuulizi imepimwaje, tunaiandika. Leo ni nyuzi joto za vepu, kesho ni kilomita za barabara na idadi ya madawati.

Mwaka 2003 Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Mwaka huohuo, kule China, mfamasia Hon Lik alikuwa anasajili ubunifu wa sigara yake ya kielektroniki. Waliotunga sheria wasingeweza kukiona kitu ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinazaliwa, siwalaumu. Ulaya nao, katika maelekezo yao ya mwaka 2014, waliweka ukomo wa nikotini wa miligramu 20 kwa mililita na tangi la mililita 2, lakini hawakuweka ukomo wa nyuzi za koili. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna mzungu mahali fulani ameshatupimia.

Ninachodai ni kidogo sana. Koili isiyoandikwa metali yake isiuzwe. Mwagizaji atakayesema mashine yake inadhibiti joto aonyeshe karatasi ya kipimo, pamba ikiwa imelowa na pamba ikiwa kavu, kwa pafu la sekunde 3, na Shirika la Viwango lirudie kipimo hicho lenyewe. Sisi waandishi, kabla ya kuandika namba, tuulize neno moja: mlipimaje? Na wewe unayevuta, ukisikia ladha ya pamba iliyoungua, usiiangalie 220 ya kwenye kioo. Koo lako limepima vizuri kuliko kioo.

Nilimpelekea mhariri masahihisho ya mistari minne. Akasema habari imeshapoa. Namuelewa, nafasi ni finyu na gazeti haliuzwi kwa masahihisho. Ndiyo maana nayaandika hapa, kwa jina langu: niliandika kwamba vepu haichomi kitu, inatoa mvuke tu, na joto lake linadhibitiwa na kompyuta. Sikupima. Nilipopima, nilikuta si kweli kwa mashine ya rafiki yangu.

Jamaa alikuja nyumbani kuchukua kitu chake. Nikamwonyesha namba kwenye kompyuta, ule mstari unaopanda na kutorudi. Akaangalia muda mrefu. Koili za akiba akaziacha mezani kwangu, mashine akaondoka nayo. Kama ataacha kabisa ni juu yake, mimi si mzazi wake. Ila safari hii akiniuliza inafika nyuzi ngapi, nina jibu, na ninaweza kumweleza nimelipataje.

Alamsiki.